Familia Ikienda Kupiga Kambi Ziwani: Mambo ya Afya ya Kupanga Mapema

Siku hizi si ajabu kukuta familia ya hapa kwetu iliyo na mtoto au ndugu aishiye Kanada. Wapo waliokwenda kusoma, wapo waliofuata kazi, na wapo ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma kabla ya kupokewa huko. Baridi ikishapita, yaani kuanzia Juni hivi, wazazi huitwa kwenda kuwaona wajukuu. Na wakifika huambiwa: “Mama, wiki ijayo tunakwenda kupiga kambi ziwani.”

Mzee aliyezoea kuona hema kama makao ya mkimbizi au askari hushangaa kusikia kwamba watu wenye nyumba nzuri hulipa fedha ili wakalale porini. Lakini ndiyo desturi ya huko, na ni desturi njema. Watoto huachana na televisheni, baba hupata nafasi ya kuzungumza na watoto wake, na hewa ya msituni ni safi. Ila safari hii ina hatari zake, na nyingi hazifanani na zile tulizozizoea. Makala haya ni kwa ajili ya wazazi wanaokwenda, na pia kwa watoto wao wanaowaandalia safari.

Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Algonquin katika jimbo la Ontario (jimbo la serikali, si la askofu). Ilianzishwa mwaka 1893 na ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 7,600, yaani zaidi ya mara mbili ya Mikumi yetu. Ina mamia ya maziwa, misitu ya misonobari, na barabara kuu namba 60 inayokatiza upande wa kusini kwa kilomita 56. Kutoka Toronto ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa gari. Familia nyingi huenda na gari-nyumba, ambalo wenyeji huliita kwa herufi mbili tu, RV. Ni gari lenye vitanda, jiko la gesi, jokofu, tangi la maji na choo ndani yake. Wengine huvuta trela lenye vitu hivyo hivyo nyuma ya gari la kawaida.

Maandalizi huanza miezi mitano kabla

Nafasi katika hifadhi za Ontario hukatwa kuanzia miezi mitano kabla ya siku ya kufika. Anayetaka kwenda Julai hana budi kuamka mapema mwezi Februari, maana nafasi zilizo karibu na maji huisha haraka sana. Hapa ndipo swali la kwanza la afya linapoingia: je, kuna mgonjwa katika familia anayehitaji umeme? Mwenye kisukari anahitaji jokofu la kuhifadhia insulini. Mwenye pumu anaweza kuhitaji mashine ya mvuke. Wako wazee wanaolala na mashine ya kusaidia kupumua. Kambi za Mew Lake na Lake of Two Rivers zina viwanja vyenye umeme, lakini si viwanja vyote. Atakayechukua kiwanja chochote ili mradi amepata, atajikuta usiku wa manane na jokofu lililozimika.

Jambo la pili ni bima. Mzazi anayekuja kwa matembezi hahudumiwi na bima ya afya ya serikali ya Ontario. Siku moja tu hospitalini inaweza kugharimu fedha ambazo ukoo mzima utachanga bila kuzimaliza. Wale wanaokwenda kwa ile visa ya muda mrefu ya wazazi na mababu hulazimika kuwa na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Wanaokwenda kwa visa ya kawaida hawalazimishwi, na hao ndio wanaosahau. Mtoto anayemwalika mzazi wake amkatie bima kabla hajanunua hata tiketi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aseme wazi wakati wa kukata bima, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa huwa sababu ya kunyimwa malipo.

Dawa za kila siku zichukuliwe za kutosha, na akiba ya wiki moja juu yake, zikiwa katika pakiti zake zenye majina. Na tafadhali, bibi aliyeshuka kwenye ndege jana asipakiwe kwenye gari leo kwenda msituni. Ametoka safari ya siku nzima au zaidi, miguu imevimba, na usingizi wake bado uko Afrika. Apewe siku nne au tano za kupumzika na kutembea-tembea.

Maji ya ziwa si maji ya Victoria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloua.

Maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa karibu na nyuzi joto 25 mwaka mzima. Maziwa ya Algonquin hufunikwa na barafu wakati wa baridi, na barafu hiyo kwa kawaida huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa hiyo mwezi Mei, hata kama jua linawaka na watu wamevaa fulana, maji yale bado ni baridi ya kuua. Julai na Agosti maji ya juu hupata joto la kuogelea, lakini mita chache kwenda chini bado ni baridi.

Mtu akitumbukia ghafla katika maji baridi, mwili hushtuka. Hutweta na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji, kinachovutwa ni maji. Huku Kanada hufundisha kanuni ya tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi. Usihangaike kuogelea, elea tu. Dakika 10 zinazofuata ni za kujiokoa, kwa maana baada ya hapo mikono na miguu hufa ganzi na kukataa kutii hata kwa mwogeleaji hodari. Kisha unayo kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Lakini saa hiyo ni ya yule aliyevaa jaketi la kuokolea. Asiyelivaa haifikii, maana mikono ikishalegea anazama.

Ndiyo sababu jaketi huvaliwa kabla ya kupanda mtumbwi, si kukaliwa kama mto. Sheria ya Kanada inataka kila aliyemo chomboni awe na lake. Liwe la kipimo chake. Jaketi la baba kwa mtoto wa miaka mitano humtoka kichwani akiingia majini. Hifadhi nyingi za Ontario huazima majaketi haya, basi ulizeni langoni.

Shirika la Lifesaving Society la Kanada limewahi kuchunguza na kukuta kwamba wahamiaji wapya wana uwezekano mara nne zaidi wa kutojua kuogelea kuliko wazaliwa wa huko. Hilo si la kuonea aibu. Wengi wetu tulikulia mbali na maji, au tulikatazwa mto kwa sababu ya mamba na kichocho. Ubaya ni kijana kuona haya mbele ya wenzake na kuruka kutoka gatini kama wao. Shirika hilo lina mafunzo mafupi ya kunusurika: kuanguka katika maji ya kina na kujigeuza, kukaa juu ya maji kwa dakika 1, na kuogelea mita 50. Mafunzo hayo hutolewa katika mabwawa ya mijini. Familia iliyokata nafasi Februari ina miezi mitano ya kumpeleka mtoto bwawani, na ningependa baba naye aende.

Fukwe za hifadhi za Ontario hazina walinzi wa kuokoa waogeleaji. Mlinzi ni wewe mzazi. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia, nawe usiwe unazungumza na simu. Mtoto anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Hutulia, kichwa kikaenda nyuma, na kwa sekunde chache hayupo. Wakubwa wakiwa wengi ufukweni, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Wekeni zamu, mtu mmoja kwa dakika 15, na huyo asifanye kazi nyingine.

Aliyetolewa majini akitetemeka avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe blanketi na kofia, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu. Asisuguliwe mikono na miguu. Asipewe pombe hata kidogo: pombe humfanya ajisikie joto huku joto lenyewe likitoroka mwilini. Akiacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, hali imezidi, aitwe msaada mara moja.

Na neno moja kwa wazazi wenye mtoto wa selimundu. Maji baridi, pamoja na kukosa maji mwilini, ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali ya ugonjwa huu. Mtoto huyo asikatazwe safari, ila asiruke ziwani ghafla, atoke kabla hajaanza kutetemeka, avishwe nguo kavu upesi na anywe maji mara kwa mara. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Sweta na soksi si mzigo.

Gesi na moshi ndani ya gari

Habari za familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani na kutoamka si ngeni kwetu, hasa katika mikoa ya baridi. Gari-nyumba ni chumba kidogo kuliko hicho, nalo lina jiko la gesi, hita, na wakati mwingine jenereta. Sumu ni ile ile, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wote ndani ya gari wakiumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni uchovu: tokeni nje kwanza.

Mkikodi gari, mwambieni mwenyewe awaonyeshe king'ora cha sumu hiyo na akibonyeze mkisikia. Huwa kina tarehe ya mwisho wa kutumika; isomeni. Jiko la kupikia lisitumike kupashia gari joto. Jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, wala kuwekwa chini ya turubai lililo mlangoni.

Barabarani mtungi wa gesi ufungwe, na kila abiria akae kwenye kiti chenye mkanda. Watoto hupenda kulala vitandani gari likienda, wasiruhusiwe. Katika trela linalovutwa sheria ya Ontario inakataza mtu yeyote kupanda. Mwendo wa usiku katika barabara namba 60 uwe wa polepole kwa sababu ya mnyama aitwaye moose. Ni wa jamii ya ayala tunayemsoma katika Zaburi, lakini mrefu kuliko farasi. Kwa urefu wa miguu yake, akigongwa na gari dogo mwili wote huangukia kioo cha mbele. Mwezi Mei na Juni huja kando ya barabara kunywa maji ya chumvi iliyomwagwa wakati wa theluji.

Tangi la maji ya gari lisafishwe kabla ya safari: mililita 60 za dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kwa kila lita 57 za maji, zikae saa nne, kisha tangi lisuuzwe mpaka harufu iishe. Viwanja vya Algonquin havina bomba la maji wala la maji machafu. Maji huchotwa kwenye kituo, na kinyesi humwagwa kituoni vile vile, kwa glavu na sabuni. Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu kama kioo, yana vijidudu vya giardia viletwavyo na wanyama. Chemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja nzima.

Usubi, mbu na homa

Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni msitu ule hujaa usubi. Msomaji wa Mahenge au Songea atashtuka kusikia jina hili, kwa kuwa kwetu usubi ndio ule ulioleta upofu wa mtoni. Usubi wa Kanada hauenezi ugonjwa huo. Lakini unauma, damu inatoka, na mtoto mdogo huvimba nyuma ya masikio na shingoni. Hupenda nguo nyeusi na za buluu, basi vaeni nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu. Kama mna hiari ya tarehe, nendeni mwishoni mwa Julai au Agosti.

Dawa ya kujipaka inayopendekezwa huko kwa watoto ni yenye icaridini, kuanzia umri wa miezi sita. Ile ya DEET kwa watoto chini ya miaka 12 isizidi asilimia 10. Mtoto chini ya miezi sita asipakwe yoyote, afunikwe chandarua. Mwisho wa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, hivyo watu hukaa nje kwa muda mrefu bila kujua. Ndugu mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ndefu, apake mafuta ya kuzuia jua, na juu yake dawa ya wadudu.

Mbu nao ni wengi, ila siku hizi hawaenezi malaria huko. (Zamani walieneza: wachimbaji wa mfereji wa Rideau katika jimbo hilo hilo, kati ya 1826 na 1832, walikufa kwa malaria kwa wingi.) Na hapa kuna mtego. Bibi aliyetoka Tanzania wiki tatu zilizopita, au mjukuu aliyerudi kutoka likizo Kigoma, akishikwa na homa kambini, watu watasema ni mafua ya kuogelea. Daktari wa huko huenda hajaona mgonjwa wa malaria mwaka mzima. Semeni ninyi, mbele kabisa, kabla ya kuulizwa: “Tumetoka Afrika Mashariki tarehe fulani, tunaomba apimwe malaria leo.” Vimelea walioingia mwilini kabla ya safari wanaweza kuzuka hata baada ya miezi. Hospitali zilizo karibu ziko Huntsville upande wa magharibi na Barry's Bay upande wa mashariki. Simu ya dharura ni 911, lakini simu za mkononi hazishiki kila mahali msituni. Siku ya kwanza, kabla ya kuwasha moto, tafuteni mahali inaposhika.

Chakula kisiachwe nje, kwa sababu ya dubu weusi. Kwa kawaida dubu humkimbia mtu, lakini mwaka 1978 na mwaka 1991 waliua watu katika hifadhi hii. Sufuria chafu, mifupa, sabuni na dawa ya meno, vyote vifungiwe garini usiku. Nyama ya kusaga iive mpaka ndani, na kilicho cha kuhifadhiwa kwa baridi kikae chini ya nyuzi 4.

Kupe wa kuangaliwa kila jioni

Wazee wetu waijua homa ya papasi. Huko kaskazini kuna binamu yake, ugonjwa wa Lyme, uletwao na vijidudu vya ukoo huo huo wa borelia, ila mwenezaji ni kupe mwenye miguu myeusi. Kwa sababu ya majira ya joto kurefuka, kupe hawa wanazidi kusogea kaskazini. Mdogo wao ni kama mbegu ya ulezi. Kila jioni watoto wakaguliwe kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kitovuni na ndani ya nywele. Nywele zilizosukwa hukaguliwa kwa vidole, mstari kwa mstari.

Kupe akionekana, ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kuzungushwa. Asipakwe mafuta wala kuchomwa na kiberiti. Kwa kawaida huhitaji kunyonya saa 24 au zaidi ndipo aambukize, basi ukaguzi wa jioni ni kinga halisi. Kama amekwisha kuvimba kwa damu, mwoneni mfamasia ndani ya saa 72. Tangu Januari 2023 wafamasia wa Ontario wanaweza kutoa wenyewe dozi ya kinga kwa anayestahili.

Mkirudi nyumbani, angalieni ngozi kwa siku 30. Vitabu husema alama ya Lyme ni duara jekundu linalopanuka kama shabaha. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi alama hiyo yaweza kuwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, au ikafanana na jeraha la kujigonga, na ndiyo sababu huchelewa kutambuliwa. Mkiona doa linalopanuka, likiambatana na homa, uchovu na maumivu ya viungo, nendeni kwa daktari mkataje neno “kupe”, na mwonyesheni picha ya doa lilivyokuwa siku ya kwanza.